Kabla hujaleta boti kubwa kwa barabara Uganda, shika tepu upime

Watu wananiuliza sana, hasa ndugu zetu walio kyeyo, yaani kazi za nje, huko Uingereza na Marekani: "Bro, kutoa boti Mombasa mpaka Uganda ni pesa ngapi?" Mimi nawajibu kwa swali, ina upana gani? Wengi hapo wananyamaza. Wanajua urefu, futi 28, futi 35, futi 40, wanajua injini ni farasi wangapi, wanajua hata rangi ya viti, lakini upana hawajaupima, na upana ndo kitu ambacho barabara yetu itakuuliza kabla ya kingine chochote.

Mimi nimekulia Malaba, mpakani pale, na kazi yangu ni kupanga safari za mizigo mikubwa, yaani ile mizigo ambayo lori la kawaida haliwezi. Mashine, matangi, transfoma, na siku hizi boti nazo. Boti nazipenda kuliko mizigo mingine yote ila ndo zinanitoa jasho zaidi, manake mwenye boti karibu kila mara anakuja akiwa ashalipa, boti iko njiani, sasa ndo anauliza habari za vibali. Naandika hii ili anayefikiria kununua asome kabla hajatuma pesa.

Sasa hesabu yenyewe. Kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki tuna sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari, ni ya 2013, na inasema gari na mzigo wake vikiwa pamoja visizidi tani 56, upana usizidi mita 2.65, na kimo kutoka lami mpaka juu kabisa kisizidi mita 4.3. Hizo namba zishike kichwani. Tani 56 usiogope, boti ya faiba ya futi 40 inaweza kuwa tani 8 au 10 tu, mizani ya Busitema na ya Magamaga itakupitisha upande wa uzito bila shida. Ila boti hiyohiyo ya futi 40 mara nyingi ina upana wa mita 3 na kitu, na ukiiweka juu ya trela, na kibanda chake cha nahodha kikiwa bado kipo, kimo kinapita mita 4.3 vizuri sana. Kwa hiyo una mzigo mwepesi ambao bado ni mzigo usio wa kawaida, na lazima uwe na kibali maalum kabla gurudumu halijazunguka.

Na usidhani ni ukali wa huku kwetu tu. Uingereza trela haitakiwi kuzidi mita 2.55, Marekani ni futi 8 na nusu, kama mita 2.6 hivi, na ukizidi hapo unatafuta kibali cha jimbo kwa jimbo. Kote duniani namba zinakaribiana sababu njia moja ya barabara ni mita 3 na nusu hivi, ukikalia zote na mwenzako anakuja upande wa pili na basi limejaa watu wa Kampala kwenda Mbale, atapita wapi? Kwenye bega la barabara kuna mama anauza gonja, ndizi za kuchoma, na kuna boda amesimama na abiria. Hicho kibali ni kwa ajili ya hao.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, kibali cha mzigo mkubwa kinatolewa kwa mzigo usiogawanyika. Ukiweza kuugawa, unaambiwa ukaugawe. Na hapa ndo historia ya maziwa yetu inanifurahisha sana kwa sababu meli karibu zote za zamani huku zilikuja vipande vipande. Stanley, yule mzungu mpelelezi, alipotoka Bagamoyo Novemba 1874 alikuwa na boti ya mbao inaitwa Lady Alice, futi 40, imetengenezwa Uingereza kwa vipande vitano, na vilipofika Unguja vikakutwa vizito mno, ikabidi fundi avipunguze upya ndo wapagazi waweze kuvibeba. Wapagazi wa pwani, watu wa Kiswahili, walivibeba mabegani mpaka ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, na Machi 1875 ikaingia majini, mwezi uliofuata ikafika kwa Kabaka Mutesa. Baadaye ikaja William Mackinnon, meli ya moshi, nayo ilikuja vipande, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini 1900. Ile Liemba ya Kigoma, Wajerumani waliitengeneza kwao 1913, wakaifungua yote, wakaifunga kwenye masanduku, ikaletwa kwa meli mpaka Dar na kwa reli mpaka ziwani. Hawa wote walitii kanuni ya kugawa hata kabla haijaandikwa.

Waliokataa kugawa ni Waingereza wa 1915. Hao walikuwa na boti mbili za vita, majina yake "Mimi" na "Toutou", futi 40 kila moja, wakazitoa Cape Town kwa treni mpaka Fungurume huko Kongo, halafu reli ikaisha. Wakazivuta nzima nzima kwa injini za moshi na ng'ombe, kwenye barabara waliyokuwa wanaikata msituni hukohuko mbele ya boti, wakapanda milima ya Mitumba na kushuka upande wa pili, halafu kwa reli na mto Lualaba mpaka wakafika ziwa Tanganyika, na tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata boti ya Wajerumani inaitwa Kingani. Mimi nikisoma hiyo habari siangalii vita, naangalia upana. Boti zao zilikuwa futi 8, mita 2.4 hivi. Leo hii zingepita Malaba kwa upana bila kibali maalum! Zingekuwa pana zaidi sidhani wangepita kwenye yale madaraja ya magogo.

Basi rudi kwa boti yako. Kama upana hauzidi mita 2.3 hivi na urefu hauzidi mita 12, nakushauri kabisa kabisa itie ndani ya kontena ya futi 40. Kontena kwa ndani ina upana wa mita 2.35. Ikiwa ndani imekuwa mzigo kama mzigo mwingine, inatoka Mombasa, inapita mpakani, hakuna eskoti, hakuna bendera nyekundu, dereva wa kawaida anaileta. Wenye akili wanachagua boti kwa kufuata mlango wa kontena. Ikizidi hapo ndo inakuja kwenye flatirek, yaani kontena isiyo na paa wala kuta za pembeni, na ikitoka bandarini inapanda lobedi, lile trela la chini la mizigo mikubwa, na hapo ndo karatasi zinaanza, za Kenya peke yake na za Uganda peke yake. Kibali cha Kenya hakikuvushi mpaka. Watu wanafika Malaba na kibali kizuri cha upande ule, wanakaa siku na siku kwenye yadi wakisubiri cha upande huu, na yadi inahesabu pesa kila usiku.

Kwa Uganda zamani kibali hiki ulikuwa unakifuata UNRA, mamlaka ya barabara za taifa. UNRA haipo tena, ilivunjwa na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo mtu akikutumia fomu ya zamani yenye nembo ya UNRA muulize ameitoa wapi. Watataka vipimo vya mzigo ukiwa juu ya trela, sio vya kwenye katalogi ya duka, watataka namba za gari na trela, idadi ya ekseli, njia utakayopita, na siku. Safari ni mchana tu. Kuna gari la mbele lenye taa inayozunguka, bendera nyekundu kwenye pembe za mzigo, na kwa mzigo mpana sana polisi wa kusindikiza. Hiyo njia unayoandika usiiandike ukiwa ofisini kwa kuangalia ramani ya simu. Tuma mtu aipite na gari dogo na fimbo ya kupimia, apime kila waya na kila daraja. Mei 2023 mto Katonga ulifurika barabara ya Masaka ikakatika pale darajani, magari yakazungushwa njia za ndani, sasa fikiria ungekuwa na boti ya mita 3 na nusu kwenye zile njia za Sembabule. Karuma nayo 2024 malori yalizuiwa, baadaye daraja likafungwa kabisa kwa matengenezo. Barabara ya mwezi jana sio ya leo.

Nyaya sasa. Hizi ndo naziogopa kuliko polisi na mizani vikiwekwa pamoja. Kwenye trading center ndogo ndogo kuna nyaya za kwenda madukani ambazo zimelegea, zingine zimefungwa kwenye miti, na tabia iliyopo ni kwamba taniboi anapanda juu ya mzigo na kijiti anainua waya gari lipite chini. Kwenye boti ni mbaya zaidi, juu kule kuna reli za chuma, kuna antena, faiba imelowa umande, kijana amevaa ndala. Mimi kwenye safari yangu hapandi mtu. Kama waya uko chini tunasimama na tunawapigia wenye umeme, tangu Aprili 2025 ni UEDCL baada ya kampuni ya Umeme kumaliza mkataba wake, na tunasubiri, hata kama tajiri anapiga simu kila dakika tano anauliza mmefika wapi. Waya wa shilingi elfu chache na maisha ya mtoto wa watu havilingani. Na njia rahisi kabisa ni kuvua kile kibanda cha juu, radar, antena na mlingoti hukohuko bandarini, uvifunge ndani ya boti, kimo kishuke. Fundi wa kuvirudisha yupo Jinja, yupo Entebbe, yupo Ggaba.

Upande wa dereva. Hapa nitasema ukweli hata kama kuna mtu atakasirika. Pamiti, yaani leseni ya udereva, ya daraja B uliyonayo, ile ya gari dogo, haikupi ruhusa ya kuendesha kichwa cha lobedi, hata kama umeendesha Land Cruiser miaka ishirini. Lori la kati ni CM, lori zito ni CH, na kichwa kinachovuta trela zito ni CE. Unapanda ngazi kwa ngazi, unafundishwa, unapimwa na wakaguzi wa magari wa polisi, wale IOV, halafu ndo pamiti yenyewe inachapishwa kwenye ofisi za UDLS, mfumo wa leseni za udereva. Ndugu walio Uingereza wanachanganya hapa kwa sababu tangu Desemba 2021 kule mwenye leseni ya gari dogo anaruhusiwa kuvuta trela mpaka kilo 3,500 bila mtihani mwingine. Sawa, ni kule. Na Marekani dereva wa kazi akishafika ratili 26,001 kwa gari na trela pamoja, na trela lenyewe likiwa zaidi ya ratili 10,000, anahitaji leseni ya biashara ya daraja A. Kila nchi imechora mstari wake, na ajali ikitokea Lugazi bima itaangalia mstari wa Uganda. Dereva mwenye daraja lisilofaa anaipa bima sababu ya kukataa kulipa, na hapo boti ya milioni mia imebaki mtaroni na wewe peke yako.

Nimefanya kazi na mzee mmoja wa Tororo, dereva wa lobedi tangu ujana wake, sasa kichwa kizima mvi. Huyo kabla ya kuwasha gari anaizunguka boti yote kwa mguu, anapiga kila mkanda kwa kiganja anasikiliza sauti. Kijana mmoja wetu akamwambia, "Mzee, tumeshakaza jana, twende." Mzee akamwambia, "Jana ilikuwa jana kijana wangu. Mkanda ulilala kwenye baridi, na wewe ulilala kwenye baridi, mbona wewe umeamka umejinyoosha?" Tukakagua yote upya na miwili ilikuwa imelegea. Na tukishatoka anasimama baada ya kilomita chache tu, anakagua tena, kwa sababu boti ikianza kutikisika inakaa chini kwenye magogo yake na mikanda yote inalegea kwa pamoja.

Na hiyo habari ya kukaa ni muhimu. Uzito wa boti ubebwe na uti wake wa chini, ile mbao au faiba nene inayotoka mbele mpaka nyuma, halafu pembeni ziwe ni pedi tu za kuizuia isilale. Mtu asiyejua anaibana pembeni kwa nguvu ili "isicheze", na ikifika Iganga faiba imepasuka mbavuni kwa matuta tu. Toa maji yote, fungua vizibo vya chini mvua ikinyesha maji yatoke, punguza mafuta kwenye tangi, manake lita 400 za mafuta ni kilo 300 zinazosukuma mbele na nyuma kila dereva akikanyaga breki. Injini za nje zifungwe zisining'inie, au zishushwe kabisa zisafiri kwenye pikapu. Turubai lile la kuifunika boti livuliwe, upepo wa barabarani unaligeuza kiboko, linachuna rangi yote.

Kwa boti ndogo ambayo unaivuta mwenyewe na pikapu kutoka Kampala mpaka Jinja, angalia uzito wa ile shingo ya trela kwenye ndoano. Karibu asilimia 10 ya uzito wote ukae pale. Ukiwa mdogo, yaani injini nzito zimejaa nyuma, trela inaanza kuyumba mkia ukifika kasi ya 80, na ukikanyaga breki kwa hofu ndo inakugeuza. Beringi za trela ambayo inaingia majini kila wikendi nazo zina maisha mafupi sana, maji yanaingia kwenye grisi. Weka grisi mpya, beba beringi ya ziada, ukikwama katikati ya msitu wa Mabira saa kumi na moja jioni hutapata duka.

Sasa ushauri ambao unanipotezea biashara lakini nautoa. Kama boti inaenda Ziwa Viktoria, usiilete kwa barabara mpaka Bukakata au Entebbe eti kwa sababu wewe unakaa huko. Ishushe majini mahali pa karibu zaidi. Kisumu kuna bandari. Ukiwa umeshavuka mpaka, kuna Majanji huku Busia, kuna Masese pale Jinja. Kutoka hapo boti inatembea yenyewe, ndo kazi yake! Unakwepa jam ya Mukono, unakwepa Kampala yote, na kila kilomita ya lami unayoipunguza ni waya mmoja hujakutana nao. Utahitaji nahodha anayelijua ziwa na karatasi za boti ziwe tayari, lakini hesabu bado inatoka vizuri.

Ikienda Kyoga au Albert hapo huna ujanja, lazima barabara. Mto upo ndio, Nile inatoka Jinja inaenda mpaka Albert, lakini kati yake kuna mabwawa ya Nalubaale na Kiira, Bujagali, Isimba, Karuma, halafu maporomoko ya Murchison yenyewe. Hapiti mtu na boti yake. Kwa Albert nawaambia watu wapite Hoima, barabara zile zilizojengwa kwa ajili ya mafuta ni pana na zimezoea mizigo mikubwa, hata polisi wa huko hawashangai tena. Shida yake ni ule mteremko wa kushuka bondeni kuelekea Kaiso-Tonya. Pale dereva anaingia na gia ndogo tangu juu, hangojei gari likimbie ndo ashike breki, na gari la mbele linasimamisha wanaopanda kwenye kona mpaka boti ipite. Yule mzee wa Tororo pale haongei na mtu. Redio inazimwa.

Alafu kuna leseni ya majini, ambayo watu wanaisahau kwa sababu wamechoka na za barabarani. Kibali cha wizara cha kupitisha boti barabarani hakikuruhusu kubeba hata abiria mmoja ziwani. Kuna sheria ya usafiri wa majini ya 2021, boti inasajiliwa, inakaguliwa, inapewa leseni, na nahodha naye awe na karatasi zake, maboya ya kuvaa yatoshe watu wote. Wizara ni ileile moja sasa, kwa hiyo unapoenda kufuata kibali cha barabara anza na hii nyingine siku hiyohiyo. Tarehe 24 Novemba 2018 ile MV Templar ilizama hapa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa, ikajulikana haikuwa na leseni na ilijaza watu. Wengine tulikuwa na watu tunaowajua mle. Mimi sipeleki boti ya abiria kwa mtu ambaye hajaniambia usajili wake umefika wapi, na nimeshapoteza wateja kwa hilo.

Na kama boti ilishawahi kuelea kwenye ziwa lingine, ioshe kabla haijapanda trela na iache ikauke kabisa, chini na ndani, pamoja na trela lenyewe. Gugu maji tunalijua lilivyotutesa Viktoria, na lile gugu la Kariba limeshaingia Kyoga na Albert, kipande kidogo tu kilichonasa kwenye propela au kwenye rola ya trela kinatosha kuanzisha lingine huko unakokwenda, na wavuvi wa mwalo ule ndo watakaolivuta kwenye nyavu zao miaka yote baada ya wewe kuondoka. Kwa hiyo kwenye gharama zako andika na maji, sabuni na siku mbili za jua.